Kansere haiambukizi: tuchunge kitenzi

Wenzangu wataniuliza kansere ya mapafu inatafuta nini katika jarida la wanafunzi wa lugha. Jibu langu ni fupi: inatafuta maneno.

Mwaka 2024 Wamarekani Victor Ambros na Gary Ruvkun walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kuvumbua mikro-ARN. Huo ni uzi mfupi sana ndani ya seli, wenye herufi za kemia 22 hivi. Jeni hutuma ujumbe ili protini itengenezwe. Mikro-ARN huushika ujumbe na kuuzuia. Kundi moja, miR-200, huzuia ujumbe wa protini ZEB1 na ZEB2, ambazo hupunguza gundi inayoshikanisha seli. Basi miR-200 ikipungua, seli ya kansere ya mapafu hupata njia ya kubanduka, kuingia katika damu na kwenda kukaa kwenye ini, mifupa au ubongo.

Kifaransa huita safari hiyo “métastase”. Sisi tuiiteje?

Wapo wanaosema kansere “imeambukiza” ini. Napinga. Kuambukiza ni kazi ya kolera na kifua kikuu: ugonjwa hutoka kwa mtu na kumwingia mwingine. Kansere ya mapafu haimwingii anayemlisha mgonjwa. Lakini jamaa wakisikia kitenzi hicho, watamtengea sahani na kikombe, na mgonjwa atabaki peke yake kwa sababu ya tafsiri mbaya.

“Imeenea” ni afadhali, ila kolera nayo huenea. “Imehama” inadanganya: anayehama huacha nyumba ya zamani, na kansere haikuacha mapafu.

Mimi napendekeza “kuchipuka”: kansere ya mapafu imechipuka kwenye ini. Mkulima anaelewa mara moja kwamba shina la kwanza bado lipo, na kwamba chipukizi ni la mmea uleule. Ndivyo madaktari wanavyosema: hata ikiwa kwenye ini, bado ni kansere ya mapafu, na hutibiwa hivyo.

Jina mikro-ARN tuliache lilivyo; halimdhuru mtu. Kitenzi ndicho kinachoingia nyumbani kwa mgonjwa. Kwa hiyo nawaomba walimu wetu wa tafsiri: mnaposahihisha maandishi ya afya, ulizeni pia jamaa watafanya nini wakishalisikia neno hilo.