Bomu halina mshikaji

Leo nina neno na nyie mnaocheza gemu za vita timu moja. Hapa Mbegani nimeona masela wananuniana wiki nzima, kisa bomu: karusha huyu, kalipuka mwenzake! Mwenye PS5 anaijua Helldivers 2, iliyotoka mwaka 2024. Mnaingia hadi wanne, na bomu lako linaua wa kwenu sawasawa na adui.

Dawa ipo. Kabla hujarusha, sema kwa sauti, "Narusha!" Angalia mwenzako kasimama wapi, siyo adui tu. Usirushe karibu na ukuta, litadunda likurudie. Na mwenye mabomu atangulie mbele, wa nyuma alinde mgongo.

Wavuvi wetu hawahitaji pedi kulielewa hili. Anayevua kwa baruti, kitu ambacho sheria imekataza, anaua hadi vifaranga na kuvunja matumbawe wanamozaliana samaki. Anayepigwa hapo ni mvuvi mwenzake, atakayetupa nyavu kesho akaambulia maji.

Kwenye gemu mtaanza upya. Baharini hakuna hiyo, jamani. Haya, wiki ijayo tena!