Pascal na Delphi: ndugu, lakini si mapacha

Wengi kati yetu wanasema Pascal na Delphi ni ndugu, basi tukihamisha programu ya pointi tusiguse kitu. Sisi tunakataa.

Katika Pascal ya zamani, tablo inakatiwa hesabu mbele: array[1..50], kama viti vya kalasi. Mwanafunzi wa 51 akikuja, hana pahali. Tangu Delphi 4 ya mwaka 1998 kuko tablo yenye kukua: unaandika SetLength, nafasi zinaongezeka, pointi za mbele zinabaki. Lakini hiyo inaanza na 0, si 1.

Shida kubwa iko pengine. Kwa tablo ya zamani, ukiandika B := A, mashini inakopia yote. Kwa ile mpya haikopii kitu: majina mawili, tablo moja. Tulibadilisha pointi za periodi ya pili, kumbe za kwanza nazo zimeharibika! Mashini haikusema hata neno. Na mtu anaweza kurudia mwaka hivi hivi.

Tuandike B := Copy(A), tena tusome kila mstari pamoja na mwalimu. Siku za juma ni 7 tu. Hizo zibaki katika tablo ya zamani, Delphi haikuitupa.