Usiniambie Nipige Windows Upya

Kila nikisema kompyuta yangu inakataa kulala, jibu ni lile lile: piga Windows upya. Ati ni virusi. Ati ni mtumba wa Uingereza, kwani ulitarajia nini? Jibu hilo limenichosha. Ni uvivu unaojiita ufundi, na sisi tunaulipia.

Mashine yenyewe ni ya mezani, ilitumika ofisini huko ng'ambo kabla ya kufika Nairobi. Niliiwekea ilale ikikaa dakika 15 bila kuguswa. Wapi! Feni inavuma usiku kucha, na tokeni nanunua mimi. Nikaamua kuihibaneti kila usiku. Saa kumi na moja alfajiri ikawaka yenyewe kama mtu ana gari la kuwahi.

Fundi alichukua 1,500 bob, akafuta diski bila kuuliza kuna nini ndani. Kulikuwa na hadithi nne. Sikuwa na nakala, hilo kosa ni langu, nalikubali. Lakini bana, daktari hakati mguu kabla ya kuuliza unaumwa wapi. Na Jumatatu alfajiri ikawaka tena!

Kumbe kuuliza kwenyewe ni mstari mmoja. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika powercfg /requests. Windows inakutajia kwa jina programu au kifaa kinachoizuia isilale. Yangu ilitaja kivinjari: nilikuwa nimeacha ukurasa mmoja wazi, video inacheza na sauti inatoka, ila spika nilikuwa nimezima. Nikaufunga. Dakika 15, kimya.

Ya alfajiri ilikuwa imejificha zaidi. Niliandika powercfg /waketimers, hakukuwa na kitu. Nikaingia BIOS, ule ukurasa unaoufikia kwa kubonyeza F2 au kitufe kingine kabla Windows haijawaka. Hapo kulikuwa na mpangilio: jiwashe saa kumi na moja, Jumatatu hadi Ijumaa. Maofisi huweka hivyo ili mashine ziwe tayari kabla wafanyakazi hawajaingia. Mpangilio huo unakaa kwenye ubao mama. Futa diski mara kumi, hautaugusa. Miezi yote hiyo kompyuta niliyoinunua kwa jasho langu ilikuwa inaamkia bosi ambaye simjui, na hakuna aliyejisumbua kuangalia.

Najua kuna msee atasema, si uzime tu ukutani. Sawa, zima. Lakini jua unazima nini. Ikiwa imelala tu, kazi yako iko kwenye RAM, na ukikata umeme imeenda. Ikiwa imehibaneti, kila kitu kimeandikwa kwenye diski, hata stima ikipotea utakikuta. Kwa mtaa wetu, tofauti hiyo ni kazi ya usiku mzima. Mbona huyo anayetushauri tuzime ukutani hatuelezi hilo?

Nilirudi kwa fundi na picha ya ule ukurasa wa BIOS kwenye simu. Akaiangalia, akacheka.

"Lakini boss, si sasa inalala?"

Nikamwomba 1,500 zangu. Akaniambia hiyo ilikuwa ya kupiga Windows, na Windows alipiga.