Nati Iliyoganda Haifunguliwi kwa Hasira

Visiwani mwetu chuma hakikosi adui. Upepo wa bahari huleta chumvi, masika huleta maji, na njia za mashamba huyarushia magari matope kutoka chini. Vitu hivyo vikikutana juu ya nati na bolti huzaa kutu. Na kutu huchukua nafasi kubwa zaidi kuliko chuma ilichokila, hivyo hujaza hesi na kuibana nati kana kwamba imechomelewa. Haya si mageni kwa mtu ye yote mwenye gari Unguja au Pemba. Linalotufanya tuandike leo si kutu yenyewe, bali ni namna tunavyopambana nayo.

Tumeshuhudia kwa macho yetu gari la abiria la shamba lililopata pancha, na miongoni mwa abiria wake alikuwamo mama mjamzito aliyekuwa akipelekwa hospitali. Mpira wa akiba ulikuwapo na jeki ilikuwapo. Kilichokosekana ni spana inayoingia sawasawa. Utingo alitumia iliyopwaya, akaikanyaga kwa miguu miwili, na pembe za nati zikalika zote. Kazi ya robo saa ikaendelea tangu adhuhuri mpaka alasiri, na mama yule akatafutiwa gari jengine. Tunamshukuru Mungu kwamba alifika salama. Lakini usalama wa wananchi haufai kuachiwa bahati.

Jambo la kwanza katika kuchagua zana ni kipimo. Magari mengi tuliyo nayo yametoka Japani, na nati zake ni za milimita. Lakini spana za inchi, zilizoingia pamoja na magari ya Kiingereza, bado zimejaa masandukuni. Nati za magurudumu ya Toyota nyingi ndogo ni za milimita 21. Spana ya inchi 7/8, ambayo ni zaidi kidogo ya milimita 22, kwa macho inaonekana kuenea, lakini ina nafasi ya zaidi ya milimita moja ya kucheza. Nati iliyolegea itavumilia mchezo huo. Iliyoganda haiuvumilii.

Jambo la pili ni umbo. Spana ya mdomo wazi hushika nyuso mbili tu za nati, na midomo yake hutanuka inapokazwa. Hiyo ni zana ya kumalizia nati iliyokwisha legea, si ya kuianzia. Soketi na spana ya pete huizunguka nati yote. Na baina ya hizo, yenye pembe 6 ni bora kwa kazi nzito kuliko yenye pembe 12, kwa kuwa hukaa juu ya ubapa wa nati badala ya kusukuma karibu na ncha zake.

Jambo la tatu ni mpini. Mtu anayekandamiza kwa nguvu zile zile, akiachana na mpini wa sentimita 20 na kushika wa sentimita 60, huongeza mara 3 nguvu za kuizungusha nati. Lakini mpini huo uwe umeundwa kwa kazi hiyo. Bomba linalochomekwa kwenye spana dhaifu huivunja, na fundi hubaki na vidole vilivyopondeka.

Hata hivyo, nguvu si ya kutangulizwa. Kwanza nati ipigwe brashi ya waya, itiwe mafuta ya kupenyeza, igongwe kidogo kwa nyundo, kisha iachwe, ikiwezekana usiku kucha. Ikikataa, yatumike moto wa gesi: joto lielekezwe kwenye nati ili itanuke, si kwenye bolti, na liwe mbali na tangi la petroli na mipira ya breki. Tindo na kipasulio cha nati ni suluhisho la mwisho, na mwenye kuvitumia avae miwani. Tena fundi ajiulize mapema nati inafungukia upande gani. Katika malori ya Bedford ya zamani, na baadhi ya malori ya Kijapani, nati za magurudumu ya kushoto hufunguka kinyume na kawaida. Wapo waliokata bolti nzima wakiilaumu kutu, kumbe walikuwa wakiikaza.

Sasa tunawaelekea wakubwa wetu wa maofisini, wenye kutia saini za ununuzi. Zana hununuliwa mara nyingi na mtu asiyezishika, kwa kutazama bei na wingi wa vipande vilivyomo sandukuni. Sanduku la vipande mia moja vya chuma laini hung'aa siku ya kupokelewa, na baada ya miezi michache spana zake zimetanuka midomo. Soketi kumi madhubuti za vipimo vinavyotumika zina manufaa zaidi. Wahenga walisema rahisi ghali, na ughali huo hulipwa na umma: bolti zilizokatika, magari yaliyolala, na wagonjwa waliochelewa.

Kwa hivyo tunashauri mambo matatu. Mafundi washirikishwe kabla zana hazijaagizwa. Kila gari la wagonjwa, la zimamoto na la abiria likaguliwe kuwa lina spana ya magurudumu yenye kipimo chake hasa, na dereva aijaribu kabla ya safari, si njiani. Na vijana katika vituo vya mafunzo ya amali wafundishwe kwamba kazi ya kufungua huanza siku ya kufunga: bolti isafishwe na kupakwa grisi inayostahili, isipokuwa nati za magurudumu, ambazo zifuatwe maelekezo ya kiwanda.

Bahari haitaacha kutuletea chumvi. Hilo hatuna amri nalo. Lakini spana tunayoinunua, tunayoichagua sandukuni na tunayoiweka juu ya nati iko mikononi mwetu, na kwayo tutaulizwa.