Usimbebe Mgongoni Aliyevunjika Mgongo

Mtu akianguka kutoka juu ya mchikichi, watu wa kijiji hukimbia mara moja kumsaidia. Upendo huo ni mzuri. Lakini angalieni wanavyofanya: mmoja anamshika makwapa, mwingine miguu, wanamwinua amejikunja kama mfuko wa mihogo. Kisha wanampakia katika pikipiki, dereva mbele, ndugu nyuma, yeye katikati. Mimi nasema wazi kwamba jambo hili ni baya, hata likifanywa na ndugu wa tumbo moja.

Sababu yake ni hii. Uti wa mgongo si mfupa mmoja. Mtoto huzaliwa na pingili 33: shingoni 7, kifuani 12, kiunoni 5, na zile za chini hushikamana anapokua. (Hata okapi wa msitu wa Ituri, na shingo yake ndefu, ana pingili 7 tu shingoni kama wewe.) Pingili zina matundu yaliyopangana kama mfereji, na ndani yake umo mshipa mkuu wa fahamu, unaoshuka kutoka ubongo kwa tundu kubwa chini ya fuvu. Unene wake ni kama kidole kidogo cha mkono. Kwa njia hiyo ubongo huiagiza miguu itembee.

Pingili ikivunjika, mshipa huo waweza kuwa mzima bado. Mtu analia kwa maumivu, lakini vidole vya miguu vinacheza. Ukimkunja, kipande cha mfupa chaweza kuubana au kuukata. Mfupa huunga, mshipa huo ukikatika hauungi. Basi asubuhi aliyeanguka alikuwa na miguu, na jioni anafika hospitali hana.

Wengine watajibu, “Njia za Walikale ni mbaya, mvua ni nyingi, tukikawia atakufa.” Neno hilo si la kudharauliwa. Kama nyumba inaungua, mvuteni upesi, mwili umenyooka. Kama damu inabubujika, izuieni kwanza. Lakini kung’oa mlango, au kukata miti miwili na kufunga tipoyi, ni kazi ya muda mfupi. Kabla ya mwaka 1960 tipoyi ilibeba wakubwa wa Wabelgiji waliokuwa na miguu mizima kabisa. Kwa nini tuione shida kumbebea jirani?

Someni Marko sura ya 2. Yule mwenye kupooza alichukuliwa na watu wanne, naye alikuwa amelala. Hakuwekwa mgongoni mwa mtu.

Basi mmoja apige magoti kichwani, akishike kwa mikono miwili, asikiache, asikivute wala kukigeuza. Wengine watatu wamgeuze mgonjwa kwa pamoja, kama gogo, huyo wa kichwani akihesabu. Mlango uingizwe chini yake. Nguo zilizokunjwa ziwekwe pande mbili za shingo, kisha afungwe kwa vitambaa, kifua kiachwe kipumue. Akitapika, geuzeni mlango wote ubavu. Damu au maji yakitoka sikioni, huenda fuvu limepasuka: msizibe sikio. Wachukuzi wakichoka, wabadilishane mmoja mmoja, na tipoyi isishushwe upande mmoja kabla ya mwingine.