Vipande vya Kaboni na Ujira wa Vibarua

Mashine ya kukatia vyuma, yaani grenda, ina vipande viwili vya kaboni vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka. Huisha kwa msuguano. Hilo si ajabu. Cheche zikizidi na mashine ikaanza kusitasita, dalili imekwisha kutolewa, na anayeilazimisha huweza kuiharibu mota yenyewe. Hata hivyo twawaona mafundi, ambao jozi ya akiba ingewatosha mfukoni, wakingoja hadi izime kabisa, nondo zikiwa nusu na duka la vipuri likiwa mbali. Vibarua waliofika tangu alfajiri huambiwa warudi nyumbani mikono mitupu! Sisi twasema ujira wao ni juu ya fundi aliyeona cheche akanyamaza, wala mwenye nyumba asidaiwe siku hiyo.