Majeruhi Si Kisingizio cha Kucheza kwa Uoga

Wasee, kuna kitu hunichoma kila Jumapili usiku nikitazama NFL. Timu inapoteza kwotabeki wake, yaani yule jamaa wa kushika usukani na kurusha pasi. Anaingia kijana wa benchi. Papo hapo kocha anageuka mtu mwingine. Kimbia na mpira katikati. Kimbia tena katikati. Pasi moja fupi ya kutetemeka. Kisha piga mpira teke, warudishie wapinzani. Wanarudia hivyo mpaka mechi iishe, halafu lawama zote zinabebeshwa majeruhi.

Na kabla mtu aniulize Mkenya anatafuta nini kwa mchezo wa Wamarekani: Daniel Adongo, kijana wetu wa raga, alivaa jezi ya Indianapolis Colts 2013. Tuko ndani kitambo. Tuendelee.

Beste yangu tunayetazama naye huwatetea hawa makocha, na hoja zake si za ovyo. Anasema wa benchi hajazoea presha, ukimwachia arushe ovyo atawarushia wapinzani. Bora ukimbize mpira, saa itembee, mabeki wako wapumzike, mechi ibaki na pointi chache. Mfano wake ni ule ule kila siku: New England Patriots kule Buffalo, tarehe 6 Desemba 2021. Upepo ulikuwa mkali ajabu. Kocha Bill Belichick alikuwa na kwotabeki mgeni wa ligi, Mac Jones, akamruhusu arushe pasi 3 tu mechi nzima. Wakakimbia na mpira mara 46. Wakashinda 14-10.

Sawa, nakubali. Lakini huo haukuwa uoga. Upepo ulisumbua timu zote mbili, na Belichick alijua watu wake wa mbele wanaweza kusukuma. Alitumia silaha aliyokuwa nayo. Mimi sina noma na kukimbia na mpira. Noma yangu ni kukimbia kwa sababu unaogopa.

Hebu tupige hesabu. Timu hupewa majaribio manne ya kusonga yadi 10. Kocha mwoga anatumia mawili ya kwanza kukimbia pale ambapo hata muuza vinywaji uwanjani anajua watakimbia. Anapata yadi 3. Sasa ni jaribio la tatu, zimebaki yadi 7, kila mtu anajua pasi inakuja, na majitu ya kilo 120 yanamjia kijana mbio. Yaani umesema unamlinda, halafu umempa kazi ngumu kuliko zote? Kama ungetaka kumlinda kweli, ungemwacha arushe jaribio la kwanza, wakati mabeki bado wanajiuliza.

San Francisco 49ers walionyesha hilo msimu wa 2022. Trey Lance aliumia Septemba. Tarehe 4 Desemba, wakicheza na Miami Dolphins, Jimmy Garoppolo naye akaumia. Akaingia Brock Purdy, kijana aliyechaguliwa namba 262, wa mwisho kabisa, timu zilipogawana wachezaji wapya mwaka huo. Kocha Kyle Shanahan hakumfungia kabatini. Siku hiyo hiyo Purdy alirusha pasi 37, wakashinda 33-17.

Najua utaniambia niendelee na hiyo stori. Naendelea. Tarehe 29 Januari 2023, mechi ya kutafuta tiketi ya Super Bowl dhidi ya Philadelphia Eagles, Purdy akaumia kiwiko mapema. Akaingia Josh Johnson, naye akagongwa kichwa akatoka. Purdy ikabidi arudi na mkono usioweza kurusha mbali. Wakabaki kukabidhiana mpira na kukimbia, wakalazwa 31-7. Hapo simlaumu kocha hata kidogo. Kufungwa mikono ni kitu kimoja. Kujifunga mwenyewe ni kingine.

Sasa angalia Eagles wa msimu wa 2017. Jason Peters, nguzo yao ya kulinda kwotabeki, aliumia. Darren Sproles akaumia. Jordan Hicks akaumia. Tarehe 10 Desemba goti la Carson Wentz, staa wao, likaisha. Kila mtu aliwazika. Kocha Doug Pederson akamchukua Nick Foles wa benchi, akamtengenezea mchezo wa vitu anavyovijua, kisha akamwacha acheze.

Wakafika Super Bowl, Februari 2018, dhidi ya Patriots wa Tom Brady. Zikiwa zimebaki sekunde 38 kabla ya mapumziko, Eagles wako mbele 15-12, jaribio la nne, yadi 1 kutoka mstari. Kocha wa kawaida anachukua pointi 3 za teke na kwenda kunywa maji. Pederson akaita mchezo ambao Trey Burton, ambaye si kwotabeki, ndiye anarusha, na Foles ndiye anadaka. Wakafunga. Kipindi cha pili, wako nyuma 33-32, zimebaki chini ya dakika 6, tena jaribio la nne, tena yadi 1, na wako upande wao wa uwanja. Hawakupiga teke. Foles akampata Zach Ertz, shambulizi likaendelea, na Ertz huyo huyo akafunga. Mwisho 41-33. Mchezaji bora wa mechi? Kijana wa benchi.

Beste yangu akisema timu dhaifu inafaa kupunguza kasi ili nafasi ziwe chache, namwambia sawa, lakini maliza hesabu. Nafasi zikiwa chache, kila moja inakuwa ghali. Mbona basi unaitupa kwa teke ikiwa imebaki yadi 1?

Mimi naona jibu ni moja. Mchezo wa woga haumlindi kijana, unamlinda kocha. Akijaribu akashindwa, watamuita mwendawazimu. Akikaa kimya akashindwa polepole, watasema majeruhi walimponza.

Naijua hiyo tabia kwa sababu nimewahi kuiishi. Nilipotoka chuo karo ikiwa imegonga ukuta, karibu mwaka mzima nilitengeneza video za kufanana na za kila mtu, zisiudhi yeyote. Hakuna aliyenicheka. Hakuna aliyetazama pia. Na nilikuwa na kisingizio tayari: sina pesa, sina kamera, sikumaliza chuo. Vyote vilikuwa vya kweli. Lakini hakuna kati ya hivyo kilichonilazimisha nitengeneze video za kuboesha.

Kwa hivyo kocha, pole kwa majeruhi. Lakini huyo kijana wa benchi anafanya mazoezi na nyinyi kila wiki, na mshahara mnamlipa. Mpe mpira jaribio la kwanza.